Birika la Kichina la Bibi Apolonia

Pale Tandika, nyuma ya mabanda ya mitumba, ukiulizia kwa sonara Fransis hata muuza maji atakuelekeza. Ni mtu wa kimo cha kati, vidole vimebabuka kwa tindikali, na jicho lake la kushoto limezoea kufumba hata asipokuwa kazini, kwa sababu ya ile lenzi anayoibana kwenye jicho la kulia. Alizaliwa Masasi, akaletwa Dar akiwa mdogo na baba yake, Mmakonde mchonga vinyago aliyekuwa na kibanda Mwenge. Mpingo haukumpenda Fransis. Alivunja patasi, akaharibu magogo ya watu, mpaka baba akachoka akamshika mkono na kumpeleka Temeke kwa sonara mmoja aliyeitwa Nurdin. "Huyu mti umemkataa," akasema. "Labda fedha itamkubali."

Ikamkubali. Kwa Nurdin alijifunza kuyeyusha, kuvuta waya, kulehemu na kung'arisha. Akaoa, akafungua duka lake. Mkewe Sesilia hukaa mbele kwenye kabati la kioo, yeye hukaa nyuma na nyundo zake. Pete za ndoa ndizo zinazowalisha, na kwa pete Fransis hana mpinzani pale mtaani.

Ila alikuwa na udhaifu mmoja. Alipenda kuitwa bingwa. Ukimletea mkufu, hujamaliza kuutoa kwenye leso ameshakuambia ni kitu gani, umetoka wapi, na kama wewe mnunuzi umepigwa, yaani umetapeliwa, au hukupigwa. Mara nyingi alipatia. Hizo mara nyingi ndizo zilizomponza.

Mwaka huo alitengeneza pete za binti mmoja wa Kibamba, Clara, aliyekuwa anaolewa na kijana wa Tegeta aitwaye Praygod. Pete zilimpendeza mno mama yake Clara, Jenipher, mwalimu wa sekondari, hata akamwambia Fransis, "Fundi, wewe si mtu wa kuachwa nje. Njoo na mkeo kwenye sendofu."

Wakaenda. Ukumbi ulikuwa kando ya barabara ya Morogoro, umepambwa vitambaa vya zambarau na dhahabu, na MC alikuwa Rogers, kijana mwenye ulimi wa pilipili asiyemwacha mtu apite bila kumtania. Ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa, akaingizwa na majani mdomoni, vigelegele vikapigwa, keki ikakatwa. Ukafika wakati wa zawadi. Wajomba wakaleta friji, mashangazi wakaleta vitenge na masufuria. Halafu akasimama bibi yake Clara.

Bibi Apolonia alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu bado kwa umri wake, ametoka Kilema, kule Kilimanjaro, miaka mingi iliyopita na kuhamia Kibamba kwa bintiye baada ya kufiwa na mumewe. Alitembea mpaka mbele amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Rogers akamsogezea maikrofoni. Bibi akakifungua kile kitu taratibu, likatoka birika la chai.

Lilikuwa jeusijeusi kwa kukaa, lakini hata kwenye weusi ule ulionekana uzuri wake. Tumboni alijizungusha joka mwenye makucha, amefungua kinywa. Mkono wa birika ulitengenezwa kama kipande cha mwanzi uliopindwa, wenye vifundo na majani.

"Hili nilipewa nikiwa msichana," alisema Bibi Apolonia. "Nilikuwa nalea mtoto wa daktari mmoja Mzungu, pale Moshi. Siku wanaondoka kurudi kwao, mama wa yule mtoto alilitoa kabatini akanipa mkononi. Ni fedha, mjukuu wangu. Hata tulipolala njaa sikuliuza. Nilikuwa nakutunzia wewe."

Kisha mjomba Didas, mzee wa kanisa, akauliza kwa sauti toka meza ya mbele, "Lakini hilo si joka hilo? Joka lile la Ufunuo?" Minong'ono ikaanza. Rogers hakuiacha nafasi ile ipite.

"Jamani, tusibishane," alisema. "Leo tunaye bingwa humu ndani! Sonara wetu kutoka Tandika, yeye ndiye aliyetengeneza pete. Fundi, pita mbele utuambie, hii ni fedha au ni sufuria?"

Makofi yakapigwa. Fransis akainuka, akafunga kifungo cha koti. Sesilia alimvuta kidogo kwenye mkono wa koti, naye hakugeuka. Alifika mbele, akalipokea birika, akaligeuza chini juu kama alivyozoea. Chini ya kitako palikuwa na herufi mbili za Kizungu, pembeni yake namba tisini, na pembeni tena alama ndogo za Kichina zilizogongwa.

Angeweza kusema, ngoja nilipeleke dukani nikalipime. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, maikrofoni ilikuwa mkononi, na alishahisi kicheko kinakuja.

"Ndugu zangu," alisema, "fedha ya kweli huandikwa mia tisa ishirini na tano. Hapa pameandikwa tisini." Akangoja. "Na pembeni ya tisini, naona kuna Kichina."

Kicheko cha kwanza kikatoka meza za vijana.

"Kumbe Mchina hajaanza jana! Toka enzi za bibi alikuwa anatupiga tu!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga meza. DJ akatupia mdundo wa singeli, Rogers akainama akishika mbavu, akapaza sauti, "Bibi Mchina huyooo!" Na Fransis, Mungu amsamehe, akainua lile birika juu kama kombe la mpira.

Alipolishusha, mikono ya Bibi Apolonia ilikuwa imeshanyooshwa kulipokea. Alilifunga upya kwenye kitenge, akikunja ncha moja baada ya nyingine, huku akitabasamu tabasamu la mtu asiyejua aufiche wapi uso wake. Clara alikuja kumkumbatia. Clara naye alikuwa anacheka, machozi ya kicheko yakiharibu wanja.

Njiani kurudi Sesilia alikaa kimya mpaka Fransis akaudhika. "Una nini?"

"Mie nilikuwa nimekaa upande ule," alisema Sesilia. "Yule bibi mikono ilikuwa inamtetemeka. Wewe ulimwona?"

"Si nilisema ukweli tu."

"Haya."

Mtu mmoja alikuwa amerekodi. Kabla ya wiki kwisha, ile video ilikuwa imezunguka kwenye magrupu ya Kibamba, Mbezi, Temeke, mpaka ya watu wasiomjua Fransis wala Clara. Wateja wakaanza kuja Tandika wakicheka toka mlangoni. "Ndiye wewe bingwa wa Mchina? Hebu nitazamie na hii yangu." Alitazama, akatania, akapata kazi. Duka lilikuwa halijawahi kuchangamka vile. Sesilia aliwahudumia wote vizuri, ila hakucheka nao hata mara moja.

Harusi ikapita. Baada ya hapo Jenipher akaja dukani peke yake, na kitenge kilekile mkononi. Alionekana kuchoka.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Sesilia.

"Marahaba. Fundi yupo?" Fransis akatoka nyuma. Jenipher akaweka kile kifurushi juu ya kioo. "Nimekuletea hili. Mama hataki kuliona. Kanisani alikuja, ukumbini hakufika, alisema goti. Siyo goti. Watoto wa mtaani wanamwita Bibi Mchina. Hata jumuiya ya kanisa ameacha kwenda. Kuna mmoja kule alimwuliza mbele za watu, kwani siku zote ulikuwa unatudanganya?"

"Pole sana, Mwalimu."

"Si kosa lako. Wewe ulisema ulichokiona." Na maneno hayo, kwa wema wake, yalimchoma Fransis kuliko angetukanwa. "Alisema nikalitupe. Nimeshindwa kutupa. Nimesema nikuletee, labda utapata shaba ya kufanyia kazi zako."

Akaondoka. Fransis alilipeleka nyuma, akaliweka mezani. Alitaka limalizike haraka. Kitu kikiyeyuka kinakuwa hakipo tena, na mtu huacha kukifikiria. Akachukua msumeno mwembamba, akaanza na ule mkono wa mwanzi, karibu na mahali unapoungana na tumbo.

Fundi hujua kwa meno ya msumeno. Shaba iliyopakwa fedha hukwaruza, na unga wake huwa mwekundu. Huu ulianguka mweupe. Akajiambia, wamepaka nene. Akakata zaidi. Mweupe. Mkono ukaachia, ncha yake ya pili ikachomoka yenyewe kwenye lehemu kuukuu, ukabaki kiganjani mwake, na pale ulipokatika palikuwa peupe kutoka nje mpaka ndani, peupe kama jino la mtoto.

Alikaa. Akachukua jiwe jeusi la kupimia, akausugua ule mkono mpaka ukaacha mstari. Akadondosha tone la dawa. Dawa ile ikigusa fedha hugeuka nyekundu. Ikageuka nyekundu pale pale, wala haikusita.

Akasugua tena mahali pengine. Akasugua kifuniko, akasugua kitako. Kila pahala palitoa jibu lilelile.

Ndipo, kwa mara ya kwanza, akalitazama lile birika. Alilisafisha sehemu ndogo kwa pamba, akabana lenzi. Joka alikuwa na magamba, na kila gamba lilikuwa limegongwa peke yake kwa tindo ndogo, moja likilalia jingine, yakipungua ukubwa kadiri mkia unavyokwenda kuishia nyuma ya mawingu. Tumbo lilikuwa limesukumwa nje kwa nyundo kutoka ndani, kisha fundi akalirudia kwa nje. Nyuma ya joka, mahali ambapo mtu mvivu angeacha patupu, palijazwa vitone vidogo vilivyolingana kama mchanga wa pwani. Masharubu ya joka yalikuwa membamba kama nywele. Alitafuta mahali ambapo mkono wa fundi ulichoka au uliteleza. Hakupaona.

Alichukua bamba la fedha, akalilaza juu ya lami ya kugongea, ile inayoshika bamba lisiteleze, akajaribu kugonga mstari mmoja tu wa magamba kama yale. Yalitoka yamelala upande kama meno mabovu. Akalikunja lile bamba, akalitupa kwenye chungu cha kuyeyushia.

Hapo ndipo alipomkumbuka baba yake. Si kwamba alikuwa amemsahau. Alikuwa hapendi kuikumbuka siku ile moja. Alikuwa kijana, ameketi kibandani Mwenge, baba amemaliza kinyago cha mpingo kilichomchukua msimu mzima. Akapita mwongoza watalii mmoja na kundi lake, akakishika kinyago, akakikwaruza kwa ukucha, akasema kwa sauti kubwa, "Hiki ni mti mweupe tu, wamepaka kiwi ya viatu." Watalii wakacheka, wakasogea banda la pili. Baba hakubisha. Alikichukua kinyago akakigeuza uso ukutani, akashinda siku nzima hasemi na mtu. Fransis aliwachukia wale watu miaka yote. Sasa alikuwa ameshika mkono wa mwanzi uliokatwa, na masikio yake yalikuwa yanawaka moto kama mtu aliyepigwa kofi.

Ungedhani alikimbilia Kibamba siku hiyo hiyo. Hakukimbilia. Alilifunga birika pamoja na mkono wake, akalisukuma chini ya meza nyuma ya mtungi wa gesi. Aibu ina tabia hiyo: badala ya kumtoa mtu nje humwingiza ndani zaidi. Wateja waliendelea kuja wakimwita bingwa wa Mchina, naye aliendelea kutabasamu. Jenipher alipopiga simu, Sesilia akapokea. "Anasalimia tu," alisema Sesilia, akimtazama. "Anauliza kama ile shaba ilikufaa."

Fransis akamwambia mkewe kila kitu. Sesilia alikwenda akalitoa lile birika chini ya meza kwa mikono yake, akaliweka juu ya meza, mahali ambapo mumewe hangeweza kufanya kazi bila kuliona. Akarudi mbele dukani.

Fransis alianza kwa Nurdin, mwalimu wake, aliyekuwa amestaafu na kuhamia Kigamboni. Akavuka daraja na kifurushi. Nurdin alimpokea barazani, amevaa msuli, ana hasira na jirani fulani aliyemwaga kifusi mlangoni, na ilibidi Fransis asikilize habari za kifusi kwanza. Mwisho mzee akakifungua kitenge. Akalizungusha birika mapajani kwa muda.

"Kazi ya Kantoni hii, bandari ya kule Uchina," alisema. "Sikuwahi kuona nzuri namna hii. Marehemu baba alizikarabati mbili tatu zilipoharibika, za matajiri wa mjini. Mafundi wa Kichina walikuwa wanawafanyia Wazungu kazi, vikombe, mabirika, vishikizo vya vitambaa vya mezani. Wafanyabiashara wa melini wananunua wanapeleka kwao. Mwenye duka anagonga herufi zake za Kizungu ili mteja azisome. Fundi anagonga jina lake kwa Kichina, hapa, unaona? Huyu ndiye aliyelifanya."

"Na hiyo tisini?"

"Tisini katika mia ni fedha, iliyobaki ni shaba ya kuipa ugumu. Walikuwa wanayeyusha sarafu za dola za zamani. Mie hayo ndiyo ninayoyajua, mengine usiniulize." Kisha akaona palipokatwa. Uso ukabadilika. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, Mzee."

Akaeleza yote, hata kombe la mpira. Nurdin alisikiliza huku akipitisha kidole kwenye mgongo wa joka.

"Ulisugua jiwe?"

"Sikusugua."

"Jiwe ulikuwa nalo?"

"Lilikuwa dukani."

"Basi siku ile hapakuwa na sonara ukumbini," alisema Nurdin. "Palikuwa na MC wawili." Akalifunga kwenye kitenge akamrudishia. Fransis alitaka aambiwe la kufanya, na mzee alilijua hilo, akarudi kwenye habari za kifusi.

Kesho yake akaenda Kibamba. Bibi Apolonia alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Alipomwona aliyeingia, mikono yake ilisimama kidogo, ikaendelea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Jenipher yupo shuleni."

"Nimekuja kwako, Bibi."

Hakukaribishwa kiti. Fransis akachuchumaa chini mbele ya ungo, akafungua kitenge, akaweka birika sakafuni, na pembeni ya birika akauweka ule mkono.

"Ni fedha, Bibi," alisema. "Ni fedha kweli toka juu mpaka chini. Nilisema uongo. Sikulipima. Tena nimelikata."

Bibi Apolonia aliutazama ule mkono uliolala peke yake. Akaunyanyua, akaujaribisha kwenye kiganja kana kwamba anashika chai.

"Kwani mie sijui kuwa ni fedha?" alisema mwishowe. "Nilikuwa nalisugua kila Jumamosi katika nyumba ile. Yule mama alinifundisha mwenyewe, kwa chokaa na kitambaa laini. Umekuja kuniambia ninachokijua?"

Fransis aliokota punje iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo.

"Baba, watu wamenicheka sana katika dunia hii. Nilipoingia mjini walinicheka nilivyotamka. Hilo limepita. Lakini wewe ulinicheka mbele ya Clara. Sasa akilitazama birika hili anakumbuka nini? Mie nilitaka anikumbuke mimi." Alitupa punje mbovu pembeni. "Wenzangu wa jumuiya sasa wanafikiri kila nilichowahi kuwasimulia ni uongo. Hata habari za marehemu mume wangu."

"Bibi, nisamehe."

"Wewe mbona mwepesi," alisema Bibi Apolonia. "Pale ulisema na watu wote wakasikia. Hapa unasema nasikia mimi na maharage."

Akamwambia kwamba Jumamosi inayofuata wanavunja kamati ya harusi, karamu ya kuwashukuru waliochangia, ukumbi uleule, watu walewale. Hakumwomba aje. Alimwambia tu siku na saa, akainama kwenye ungo wake.

Wiki hiyo Fransis hakula vizuri. Aliandaa maneno, akayasahau, akayaandaa tena. Jumamosi akavaa koti lile lile, akaenda na Sesilia. Watu walimshangilia alipoingia. Kwao alikuwa ndiye aliyewachekesha kuliko wote. Rogers akamwona, akaruka na maikrofoni. "Bingwa karudi! Leo katuletea Mjapani!"

Kicheko. Fransis akasimama, akaomba maikrofoni, akapewa.

"Lile birika la Bibi Apolonia ni fedha," alisema.

Wakacheka. Walidhani ndipo utani unapoanza. Akarudia. Wakacheka zaidi, na kijana mmoja akawasha simu kurekodi. Mara ya tatu sauti ilimkatika katikati, na ilipokatika ndipo ukumbi ulipoanza kutulia, meza moja baada ya nyingine, mpaka ikasikika friji ya soda inavyonguruma.

"Nimelipima kwa jiwe na kwa dawa. Limetengenezwa Uchina, ni kweli, na aliyelitengeneza ni fundi ambaye mimi sifai hata kumshikia nyundo. Siku ile sikupima. Jiwe sikuwa nalo, na hata ningekuwa nalo nisingelitoa, kwa sababu nilitaka mcheke. Bibi hakuwadanganya. Aliyewadanganya ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mjomba Didas alikohoa, akasema taratibu, "Sasa maneno ya mtu yakishatoka unayarudishaje, Fundi?" Hakusema kwa ukali, alikuwa anauliza kweli. Rogers alitazama chini, akapokea maikrofoni, na kwa mara ya kwanza akakosa la kusema, akamwashiria DJ apige wimbo. Yule kijana alishazima simu. Video ile hakuna aliyeituma popote. Ile ya kwanza bado inazunguka mpaka leo.

Walipokuwa wanatoka, Clara alimfuata Fransis mlangoni. Macho yalikuwa mekundu. "Na mie nilicheka," alisema, akarudi ndani haraka kabla hajajibiwa.

Bibi Apolonia hakumwambia amemsamehe. Alituma ujumbe kupitia kwa Jenipher: fundi aje aunge mkono wa birika, lakini si Tandika. Aje afanyie pale nyumbani, mbele ya macho yake.

Fransis akaenda na tochi ya gesi, lehemu na kibao chake. Bibi alileta kigoda akaketi karibu, mikono magotini. Clara alikuja kutoka Tegeta, Jenipher alikuwepo. Kwenye mkono ule palikuwa na vipande viwili vya pembe ya ndovu vya kuzuia joto lisipande, na moto ungevifikia vingepasuka. Fransis akaomba kiazi mbatata. Jenipher akamtazama kama anatania. Akakikata, akauchomeka mkono ndani yake upande wa pembe ili maji ya kiazi yanywe joto, akauzungushia kitambaa kibichi, akawasha tochi. Bibi hakuviondolea macho vidole vyake.

"Hapo unafanya nini?" aliuliza.

"Napasha pande zote mbili sawa, Bibi. Nikipasha moja lehemu itakimbilia huko."

"Na haya magamba, waliyafanyaje?"

Fransis alikuwa ameshafungua mdomo kwa mazoea. Akaufunga. "Najua walivyogonga," alisema. "Walivyofanya yakatoka hivi, sijui."

Lehemu ikayeyuka, ikapita kwenye ule mstari kama maji kwenye ufa. Ikakamata. Ilikamata vizuri, lakini kovu lilionekana, mstari wa rangi tofauti kidogo, palepale karibu na kifundo cha kwanza cha mwanzi. Alijaribu kulisugua lipotee. Bibi akamzuia kwa mkono.

Jenipher akachemsha maji. Bibi Apolonia alilisuuza birika mwenyewe, akatia majani na tangawizi, akaliacha kidogo, kisha akalishika kwa ule mkono wa mwanzi na kuliinua. Mkono ukabeba. Bibi akammiminia Clara kwanza, akammiminia Jenipher, akajimiminia yeye. Kikombe cha nne kilikuwa mezani, na alikitazama kwa muda kabla hajakijaza na kukisukuma upande wa fundi.

Fransis alikishika kwa mikono miwili. Hakuweza kuinua macho. Clara alikuwa anamwuliza bibi yake jina la yule mtoto aliyemlea Moshi, na bibi alikuwa anaeleza, jinsi alivyokuwa mtundu, jinsi alivyokataa kulala bila kuimbiwa wimbo wa Kichaga. Chai ikaanza kupoa mkononi mwa Fransis.

"Kunywa, Fundi," alisema Bibi Apolonia bila kumgeukia, akaendelea na hadithi yake.